Kabla ya Kununua Ruta Mpya: Namna ya Kutambua Kasoro ya Intaneti ya Nyumbani

Ruta yenye antena sita huvutia macho dukani, na muuzaji wa Kariakoo au wa Luthuli Avenue hakosi la kusema kuhusu namba kubwa iliyochapishwa kwenye boksi. Hata hivyo, intaneti inayokwamakwama nyumbani mara nyingi haikwamishwi na ruta, na anayebadilisha kifaa kabla ya kujua kasoro iko wapi hujikuta ametoa fedha na video bado zinaganda. Utaratibu ninaoupendekeza ni kupima kwanza, na ununuzi uwe hatua ya mwisho kabisa.

Kabla ya kupima, ni vyema kuelewa vipimo vyenyewe. Kasi ya intaneti hutajwa kwa megabiti kwa sekunde, ilhali ukubwa wa faili hutajwa kwa megabaiti, na megabaiti moja ni megabiti nane. Kwa hiyo kifurushi cha megabiti 20 kwa sekunde hakiwezi kupakua zaidi ya megabaiti 2.5 kwa sekunde, hata siku ambayo mambo yote yanakwenda sawa, na filamu ya megabaiti 1,000 itachukua karibu dakika saba. Wateja wengi wanaolalamika kwamba wamepunjwa hawajafanya hesabu hiyo ya kugawanya kwa nane.

Sasa pima mara tatu, na kila mara uandike kasi ya kupakua, kasi ya kupakia na muda wa mwitiko, yaani muda wa ombi lako kwenda na jibu kurudi, ambao huhesabiwa kwa milisekunde. Tovuti kama Speedtest au Fast.com zinatosha kwa kazi hii. Kipimo cha kwanza kichukuliwe alfajiri, wakati wenzako nyumbani na majirani hawajaamka, kompyuta ikiwa imeunganishwa na ruta kwa waya. Cha pili kichukuliwe kwa waya uleule saa tatu usiku, wakati kila nyumba inatazama kitu. Cha tatu kichukuliwe saa hiyohiyo ya usiku bila waya, katika chumba ambacho kila mtu anakilalamikia.

Ikiwa kipimo cha alfajiri kiko chini sana ya kasi unayolipia, kasoro iko kwa mtoa huduma au katika njia inayofika kwako, na hakuna ruta itakayoitibu. Peleka namba zako kitengo cha huduma kwa wateja, kwa maana namba zilizoandikwa kwa tarehe na saa husikilizwa kuliko kauli kwamba mtandao unasumbua. Ikiwa alfajiri ni nzuri na usiku ni mbaya, unagawana njia na watu wengi, jambo la kawaida sana kwa intaneti inayotoka kwenye mnara wa simu, ambako wote walio katika eneo moja hugawana uwezo uleule. Ikiwa vipimo viwili vya waya ni vizuri na cha tatu ni kibaya, basi kasoro iko ndani ya nyumba yako mwenyewe, na hilo ni habari njema, kwa kuwa marekebisho yake mengi hayagharimu kitu.

Ruta nyingi za sasa hutangaza mawimbi katika masafa mawili, gigahezi 2.4 na gigahezi 5. Mawimbi ya 2.4 hufika mbali na hupenya kuta vizuri zaidi, lakini ni ya polepole na yana msongamano, kwani yanatumiwa pia na Bluetooth, na tanuri la maikrowevu huyavuruga. Yale ya 5 yana kasi kubwa lakini huchoka upesi yanapokutana na ukuta. Kuta zenyewe hazifanani: mbao na jasi hupitisha mawimbi bila taabu kubwa, matofali huyapunguza, zege lenye nondo huyapunguza zaidi, na bati au kioo cha kujitazamia huyarudisha yalikotoka. Nyumba za kale za Mji Mkongwe wa Zanzibar na za Lamu, zenye kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, ni mtihani wa pekee. Zilijengwa kuzuia joto, na mawimbi ya gigahezi 5 nayo huyazuia barabara. Katika nyumba ya namna hiyo niliwahi kuona ruta mpya ya bei kali ikishindwa kufika chumba cha pili, wakati waya wa mita kumi na kifaa cha pili cha bei rahisi, kilichowekwa upande wa pili wa ukuta, vilimaliza tatizo siku hiyohiyo.

Kwa hiyo hamisha ruta kabla ya kuibadilisha. Iweke karibu na katikati ya nyumba, juu ya kabati au ukutani kwa kimo cha mtu, mbali na jokofu na maikrowevu, na usiifiche nyuma ya televisheni eti kwa sababu haipendezi. Antena iliyosimama wima hutawanya mawimbi kwa upande kuliko juu na chini, hivyo katika nyumba ya ghorofa inafaa kuilaza antena moja. Kama unaishi katika jengo lenye ruta nyingi, ingia katika mipangilio na uchague chaneli ya 1, ya 6 au ya 11 katika masafa ya 2.4, kwa kuwa hizo tatu haziingiliani. Mtu anayechagua ya 3 akidhani amejitenga huvurugana na majirani wa 1 na wa 6 kwa pamoja. Ukihitaji kifaa cha kuongeza eneo, kiunganishe na ruta kwa waya kila inapowezekana, kwa sababu kile kinachopokea na kurudisha mawimbi katika masafa yaleyale hupunguza kasi kwa takriban nusu.

Hapo ndipo swali la ruta mpya linapopata maana. Tangu mwaka 2018 vizazi vya Wi-Fi vimepewa namba ili mnunuzi asihangaike na majina ya kihandisi. Wi-Fi 6, ambayo vifaa vyake vilianza kuidhinishwa mwaka 2019, faida yake kubwa ni kuhudumia vifaa vingi kwa wakati mmoja bila kuvipanga foleni ndefu, na kwa familia yenye simu nane, televisheni na kamera za usalama, hiyo ni faida ya kweli. Wi-Fi 7, iliyoanza kuidhinishwa Januari 2024, inaweza kutumia masafa ya gigahezi 6 na njia pana maradufu, na kwa nadharia hufikia gigabiti 46 kwa sekunde. Namba hiyo haina msaada kwa mtu anayelipia megabiti 30, na kama simu yake ni ya Wi-Fi 5, itabaki kuzungumza kwa lugha ya Wi-Fi 5. Jihadhari pia na maandishi kama AX3000: hiyo ni jumla ya kasi ya masafa mawili, takriban megabiti 574 na 2,402, wakati simu yako kwa kawaida hutumia masafa mamoja tu kwa wakati mmoja. Kwa nyumba nyingi za kwetu, maoni yangu ni kwamba Wi-Fi 6 inatosha.

Ikiwa vipimo vimeonyesha kwamba kasoro iko kwa mtoa huduma, basi fikiria kubadilisha njia yenyewe. Faiba, yaani waya wa nyuzi za kioo unaoletwa hadi nyumbani, pale ilipofika, bado ndiyo chaguo la kwanza. Pasipo na faiba, kuna boksi la 5G, yaani kizazi cha tano cha mtandao wa simu, huduma ambayo Vodacom Tanzania na Safaricom ya Kenya waliizindua mwaka 2022. Boksi hilo lina kazi mbili zinazogombana: kusikiliza mnara ulio nje na kuhudumia vyumba vilivyo ndani. Dirisha linaloelekea mnara linafaa kwa kazi ya kwanza, na katikati ya nyumba panafaa kwa ya pili. Anza na dirisha; fungua ukurasa wa mipangilio uangalie nguvu ya mawimbi, ambayo huandikwa kwa namba hasi, ambapo −80 ni nzuri sana na −110 ni dhaifu, kisha jaribu madirisha mengine. Vyumba vya ndani vikikosa, vuta waya hadi kifaa cha pili. Usisaini chochote kabla ya kuuliza kikomo cha matumizi, kwani vifurushi vingi vinavyotangazwa kuwa havina kikomo hupunguzwa kasi ukipita kiasi fulani cha data kwa mwezi.

Njia ya tatu ni setilaiti. Starlink, huduma ya intaneti inayopokewa nyumbani kwa sahani, ilianza kuuzwa Kenya Julai 2023, na setilaiti zake huzunguka kwa kimo cha kilomita 550 hivi, tofauti na zile za zamani zilizo kilomita 35,786 juu, ambazo swali na jibu lake huchukua karibu nusu sekunde angani. Ndiyo maana mazungumzo ya video yanawezekana sasa hata shambani. Sahani lakini inataka anga wazi, na mwembe mmoja unatosha kukata mawasiliano kila baada ya dakika chache. Inataka pia umeme: sahani ya kawaida hula takriban wati 75 hadi 100, mzigo mzito kwa mfumo mdogo wa sola. Hata setilaiti zina foleni. Novemba 2024 kampuni hiyo ilisitisha kwa muda kupokea wateja wapya Nairobi na maeneo jirani kwa sababu uwezo ulikuwa umejaa. Kabla ya kuagiza sahani kutoka nchi nyingine, uliza mamlaka ya mawasiliano ya nchi yako kama huduma ina leseni.

Njia yoyote utakayochagua, badilisha nywila ya kuingilia mipangilio ya ruta, chagua ulinzi wa Wi-Fi unaoitwa WPA3 au angalau WPA2, na wageni wapewe mtandao wao wa pembeni.

Wale wanaofanya kazi kwa kutegemea intaneti wana sababu ya kuwa na njia mbili, ila wachague kwa uangalifu. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom, nyaya zinazobeba intaneti ya Afrika Mashariki, ilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na watu wa Tanzania na Kenya waliokuwa na faiba ya kampuni moja na laini ya kampuni nyingine waliona zote mbili zikidorora kwa pamoja. Muulize mtoa huduma anapitia mikongo gani, na kama kuna nafasi ya mkataba wa mwezi mmoja, uuchukue huo kabla ya ule wa mwaka, kisha katika wiki yake ya kwanza urudie vipimo vilevile vitatu: alfajiri kwa waya, saa tatu usiku kwa waya, na saa tatu usiku bila waya katika chumba kile kile.