Kupigia watoto wa shule jazz bila kuwaboesha
Ukiitwa shule ya praimari, iwe Buruburu ama Kawangware, usianze na historia ya New Orleans, mji wa Marekani jazz ilikozaliwa, watasinzia. Piga kwanza, salamu baadaye. Wafunze makofi ya mbili na nne, yaani ukihesabu moja hadi nne wanapiga kwa mbili na kwa nne, wengi watapiga moja na tatu (na walimu pia), hesabu nao polepole tu mpaka ishike. Alafu chukua wimbo wanaoimba paredi, uucheze vile wanaujua, kisha uanze kuuvunjavunja na saksafoni, wakianza kucheka ujue wameshika improvisesheni, ile kubuni muziki papo hapo. Toa ridi ya saksafoni uwaonyeshe vile hako kakipande kembamba kanatetemeka ndio sauti itoke, lakini mtoto asiweke mdomoni. Dakika 40 zinatosha. Na pesa ya kubeba drams uitishe mapema, chai ya stafurumu hailipi fea.