Kabla hujaenda kukimbia porini: nyuki, kupe na wenzao wanaouma

Siku hizi jogging na haiking zimeshika kasi, wikiendi watu wa Dar wanajaza kosta kwenda Pugu au wanaenda Morogoro kupanda Morningside, na ukichungulia mabegi yao utakuta maji, ndizi, pawabenki na spika, ila kibano hakuna, na wala hakuna aliyeuliza kwenye kundi nani ana aleji ya nyuki. Haya ninayoandika ni ya kufanya ukiwa bado nyumbani, maana ukishaumwa uko katikati ya msitu unabaki na kile ulichobeba tu.

Cha kwanza elewa kwamba nyuki na kupe hawadai deni siku moja. Nyuki anadai papo hapo, mara nyingi ndani ya dakika chache hadi kama saa moja unajua kama una shida kubwa au ni uvimbe tu, lakini kupe akiuma mara nyingi husikii kitu, deni lake linakuja wiki ijayo uko zako kazini kichwa kinapasuka na wala hukumbuki kama ulienda porini.

Tuanze na nguo. Zile taiti nyeusi zinapendeza kwenye picha ila nyuki wetu wakikasirika wanaanza na kitu cheusi, kinachotikisika na kinachonukia, kwa hiyo pafyumu pia iache nyumbani. Kama unaenda upande wa mbugani kwenye mbung'o, epuka na bluu, mitego ya mbung'o yenyewe inashonwa kwa kitambaa cha bluu na cheusi kwa sababu ndizo rangi zinazowavuta. Vaa kaki au rangi ya mwanga, ambayo hata kupe akipanda unamwona, halafu suruali ichomekwe ndani ya soksi. Ndio, utaonekana kituko, sawa tu. Losheni ya kufukuza wadudu yenye DEET ya asilimia 20 hadi 30 inasaidia, ipake juu ya losheni ya jua sio chini yake, na ukitoka jasho sana rudia kwa kufuata maelezo ya kwenye chupa. Ila jamani dawa ya kuogeshea ng'ombe usijipake, najua wapo wanaofanya hivyo kwa kuwa ni rahisi kupatikana, ile ni ya mifugo na ngozi yako sio ya ng'ombe.

Kabla ya kuingia njiani waulize wenyeji nyuki wako wapi, wao wanajua mti gani una pango na wapi imetundikwa mizinga, na hapo filimbi na nyimbo za jogging zinyamaze. Sikio moja liwe wazi bila iafoni. Kuna dalili moja watu wengi wanaipuuza, nyuki mmoja au wawili wanakuja kukugonga usoni bila kuuma, hao ni walinzi wanakuambia umesogea sana, rudi ulikotoka taratibu bila kupunga mikono. Wakishakuja kundi hakuna ustaarabu tena, vuta tisheti ifunike uso uache macho tu, kimbia moja kwa moja hadi kwenye gari au nyumba ufunge, na usijirushe mtoni maana watakusubiri juu ya maji. Ukishakuwa salama toa miiba haraka, kwa kucha, kwa kadi, kwa chochote, cha muhimu ni haraka kwa sababu kifuko cha sumu kinaendelea kusukuma. Vua pete kabla kidole hakijavimba, osha kwa sabuni, weka kitu cha baridi. Nyigu haachi mwiba na anaweza kurudia, kwake ni kuondoka eneo tu.

Sasa hapa pasome mara mbili. Kuvimba palipoumwa ni kawaida, hata mkono mzima ukivimba. Sio kawaida mwili kutoka vipele sehemu ambazo hukuumwa, midomo au ulimi kuvimba, kifua kubana, kutapika, kizunguzungu. Hiyo ni dharura na dawa yake ni sindano ya adrenalini, vidonge vya setirizini vinapunguza muwasho ila haviokoi mtu hapo. Ndio maana kabla ya safari ulizieni kituo cha afya cha karibu chenye adrenalini na usafiri wa kufika huko. Mgonjwa alale miguu ikiinuliwa, kama anahema kwa shida akae, na asitembezwe, kujitahidi kimwili kunaongeza tatizo. Aliyeumwa na nyuki wengi sana aende hospitali hata kama anajiona mzima, sumu nyingi inaweza kuharibu figo baadaye.

Siafu, ruka pembeni kwanza ndipo uwatoe. Yule mdudu mwembamba mwekundu na mweusi anayeunguza ngozi, mpulize, usimponde.

Kupe ndio watu wanamdharau. Anakaa kwenye majani pembeni ya njia, hasa wanakopita ng'ombe, na baada ya masika kuna vile vidogo kama chembe za mchanga vinapanda mguuni kwa mamia, hivyo vinatoka kwa selotepu kama bado havijauma. Ukifika nyumbani oga ndani ya saa mbili ukijikagua nyuma ya magoti, kinena, kwapa, kiunoni kwenye lastiki, kitovu, nyuma ya masikio. Ukimkuta ameshika, kibano chembamba kiende karibu kabisa na ngozi, mshike kichwani sio tumboni, vuta juu polepole bila kuzungusha. Mafuta ya taa, njiti ya moto, Vaseline, hapana, vinakupotezea muda naye anaendelea kunyonya. Usimpasue kwa kucha. Safisha kwa spiriti, piga picha, andika tarehe.

Ndigana kali, ile ya kupe inayoua ng'ombe, haimpati binadamu, usiogope hiyo. Na zile picha za duara jekundu mtandaoni ni za Lyme, ugonjwa mwingine wa kupe unaojulikana zaidi Ulaya na Marekani. Huku usisubiri duara. Homa ya kupe ya Afrika mara nyingi inaanza siku 5 hadi 10 baada ya kuumwa, homa, kichwa, misuli, mitoki, na ukitafuta vizuri unakuta kakidonda kenye kigaga cheusi. Hospitali watapima malaria, ikitoka hasi usiridhike na kuambiwa ni uchovu, mwambie daktari nilitolewa kupe tarehe fulani na umwonyeshe picha na hicho kigaga. Dawa inayotumika ni doksisaiklini, iandikwe na yeye, sio ya kununua kienyeji, hasa kama una mimba au mgonjwa ni mtoto.