Kabla hujapanda Shelsley Walsh na gari la kale

Ukisikia mbio za kupanda kilima, usiwaze vumbi la Safari Rally kutwa nzima. Shelsley Walsh, kule Worcestershire, Uingereza, ni yadi 1,000 tu, kama mita 914. Watu wamekuwa wakikipanda kilima hicho tangu Agosti 1905, na kwa Austin 7 ya mwaka 1928, yenye injini ya cc 747, mpando mzima ni dakika moja hivi. Ndani ya dakika hiyo hutarekebisha kitu. Ulichokiacha kibovu gereji utapanda nacho.

Karatasi ni jambo dogo lakini zimalize mapema: leseni ya mashindano, uanachama wa klabu, na cheti kinachothibitisha kuwa gari ni la enzi yake kweli. Klabu ya magari ya kale ya VSCC (Vintage Sports-Car Club), iliyoanzishwa 1934, inayahesabu magari ya "vintage" kuwa yale yaliyoundwa hadi mwisho wa 1930. Ukibandika injini ya juzi kwenye fremu ya zamani, watajua.

Asubuhi ya siku yenyewe watu wa kwanza utakaokutana nao ni wakaguzi, na hawana haraka. Mmoja atafungua boneti, avute kebo ya aksileta hadi mwisho, kisha aiachie. Isiporudi yenyewe palepale, hupandi. Mimi nimewahi kurudishwa kwa hilo. Springi ilikuwa nzima, ila kebo ilishaanza kufumuka karibu na kabureta, na uzi mmoja mwembamba kama unywele ulikuwa unakwama mdomoni mwa mrija unaoifunika kebo. Kwa macho huuoni. Pitisha kitambaa cha pamba juu ya kebo; kikinasa popote, itupe. Siku hizi nafunga springi mbili. Waya wa betri unaofungwa kwenye bodi ya gari (ethi) uzungushie tepu ya njano, na swichi ya kuzima injini iandikwe wazi, kwa sababu atakayeizima siku ya balaa hajawahi kukaa kwenye gari lako.

Magurudumu ya spoku yapigwe jeki, kisha gonga spoku moja moja kwa spana ndogo. Iliyokaza inalia ting. Iliyolegea inatoa mlio mfu. Kwenye tairi usidanganyike na meno. Tairi lenye meno kamili linaweza kuwa na miaka kumi na mitano, mpira umekauka kama kandambili iliyosahaulika juani.

Mafuta ya petroli yana mambo mawili. Kwanza, tangu Septemba 2021 petroli ya kawaida Uingereza ni E10, yenye ethanoli, na ethanoli inakula mipira ya zamani. Badilisha mabomba yote uweke yanayoistahimili. Pili, kila mtu anataka kupunguza uzito, hivyo anatia lita chache. Kama petroli yako inateremka yenyewe bila pampu, kumbuka Ford Model T: tangi lake lilikuwa chini ya kiti, na kwenye mteremko mkali, mafuta yakipungua, wenyewe walipanda kinyumenyume ili injini ipate kunywa. Sehemu kali zaidi ya Shelsley inapanda mita 1 kwa kila mita 6 na kitu. Pima gari lako kwenye kilima cha nyumbani kabla.

Oili baridi ndiyo inayoua injini nyingi hapa. Foleni ya kuanza ni ndefu, mpando ni mfupi, na beringi za Austin 7 zinategemea oili inayorushwa kwa vijitundu. Washa mapema, ngurumisha taratibu mpaka oili ipate moto. Wazee wanapasha injini moto kwa plagi laini, zisizochafuka kirahisi injini ikiwa baridi, halafu wanafunga plagi za mbio dakika za mwisho. Ni usumbufu, lakini inasaidia.

Jioni ya kuamkia mashindano, panda kwa miguu. Hasa pale kwenye kona mbili za S, ambapo miti inaweka unyevu barabarani hata jua likiwaka. Dereva wa Kijerumani Hans Stuck alivunja rekodi hapa mwaka 1930 kwa sekunde 42.8. Aliporudi 1936 na Auto Union ya silinda 16, mvua ilinyesha, na gari lile la kutisha likapanda kwa sekunde 48.8. Kama mvua ilimfanya hivyo yeye, wewe chukua gia mapema, kabla ya kona, na uiache.

Pale mwanzo watakuwekea kabari nyuma ya tairi. Taa ya kijani ikiwaka usishtuke: saa haianzi mpaka gari likate mwali wa mwanga wa kupimia muda. Vuta pumzi, ingiza klachi vizuri. Ya Austin 7 ina unene wa karatasi kati ya kushika na kuachia.

Halafu kuna jambo ambalo wageni hulisahau kabisa. Ukifika juu, unasubiri wenzako, kisha mnateremka kwa msafara kwa barabara ileile. Austin 7 nyingi za kabla ya 1930 kanyagio la breki linashika magurudumu ya nyuma peke yake. Ya mbele ni ya mkono. Kwa hiyo rekebisha zote mbili, teremka kwa gia ya kwanza, na uache nafasi kati yako na aliye mbele, ambaye yaelekea breki zake ni kama zako.