Injini ya pampu kwenye gokati: anza na tapeti, kabureta itafuata

Mwongozo huu ni wa Honda GX200 na kopi zake za Kichina, zile zinazouzwa kama hp 6.5. Hapa Tabora unazikuta kwenye pampu za bustani na kwenye jenereta, na ndizo hizohizo vijana wanazifunga kwenye gokati za kuchomelea, yaani vigari vidogo vya mbio. Silinda ina kipenyo cha milimita 68, pistoni inatembea milimita 54, jumla cc 196. Ni injini ngumu isiyo na makuu, lakini wengi wanaanza kuitafutia nguvu kwenye kabureta na eksozi wakati nguvu iliyokuwemo tangu dukani inavuja kwenye valvu, vile vilango vya kuingiza hewa na kutoa moshi. Kurekebisha nafasi ya valvu ndiko tunakoita tapeti.

Hatua ya 1: Oili na petroli

Oili ni lita 0.6, namba 10W-30. Pima injini ikiwa imekaa sawa, siyo imeinama. Humu ndani hakuna pampu ya oili wala chujio. Kuna kijiko tu chini ya konektingi rodi (mkono unaounga pistoni na krankishafti) kinachorusha oili huku na huku, kwa hiyo kiwango kikishuka kidogo, kwenye kona kali kijiko kinapiga hewa na rodi ya aluminiamu inajishika kwenye krankishafti. Injini mpya, mwaga oili ya kwanza na weka nyingine baada ya saa 20 za kazi. Itatoka na unga wa chuma, hilo ni la kawaida.

Petroli nunua kituoni. Ya kwenye chupa barabarani mara nyingi imechanganywa na mafuta ya taa. Dondoshea tone kwenye karatasi nyeupe: petroli safi inakauka bila alama, yenye mafuta ya taa inaacha doa la ukungu wa mafuta. Mafuta ya taa yanafanya injini igonge ikiwa na mzigo, na kugonga huko ndiko kunakotoboa pistoni.

Hatua ya 2: Tapeti

Ukishamaliza oili na petroli, usiguse kitu kingine kabla ya hapa.

Nafasi ya valvu ya kuingiza ni milimita 0.15, ya eksozi 0.20, injini ikiwa baridi kabisa, yaani imelala usiku kucha. Tumia fila geji, vile visahani vyembamba vya chuma vyenye unene uliopimwa. Kipande cha wembe au karatasi ya sigara havitoshi, kwa sababu tofauti inayoruhusiwa ni 0.02 tu.

Toa plagi, fungua kifuniko cha tapeti chenye bolti nne, kisha vuta kamba ya kuwashia taratibu kwa mkono. Unachotafuta ni pistoni iwe juu kabisa kwenye mpigo wa kubana. Hapa ndipo watu wanapoteza siku nzima.

Pistoni inafika juu mara mbili katika mzunguko mmoja wa kazi. Ukiisimamisha kwenye mpigo wa kutoa moshi, valvu zote mbili zinakuwa zimefunguka kidogo, roka zote (mikono midogo inayosukuma valvu) zimekaza. Fundi anaona hakuna nafasi, analegeza zote, anafunga. Injini inawaka, inapiga kelele kama cherehani, na haina nguvu. Kwa hiyo kanuni ni hii: roka zote mbili zikiwa zimekaza, uko mpigo usio wake, zungusha mzunguko mmoja kamili.

Mtego wa pili umejificha zaidi. Kwenye kemshafti, mhimili unaofungua valvu, kuna kidude cha kupunguza kompresheni wakati wa kuwasha. Injini ikizunguka polepole, kinainua valvu ya eksozi kidogo wakati pistoni inapanda kubana, ili kamba isiwe nzito. Ikishika kasi, kidude kinajiondoa chenyewe. Sasa wewe unazungusha kwa mkono, yaani polepole, kwa hiyo kidude kinafanya kazi mbele ya macho yako. Ukitazama roka ya eksozi utaiona inaruka kidogo kabla pistoni haijafika juu. Ukisimama hapo na kupima, unapima mruko huo, siyo nafasi ya valvu. Utailegeza hadi upate 0.20, na nafasi ya kweli itakuwa kubwa mno. Matokeo yake kidude hakifikii tena kuinua valvu, na siku ya kuwasha kamba inarudisha mkono kwa nguvu hadi vidole vinauma. Hapo wengi wanasema taimingi (wakati wa cheche) imeruka, wanafungua flaiwili, lile gurudumu zito la injini, na kuanza kuchonga ufunguo wake. Taimingi haikuwa na tatizo lolote.

Njia ya uhakika ni hii. Tazama roka ya kuingiza ikishuka na kurudi juu. Endelea kuvuta taratibu, utaona ule mruko wa eksozi, upite. Ingiza mrija wa soda kwenye tundu la plagi uone pistoni inavyopanda, simama pale mrija unapoacha kupanda. Kwa GX200 yenyewe, alama ya pembetatu kwenye puli ya kamba inalingana na tundu la juu la nyumba ya kamba. Kopi nyingine hazina alama hiyo, na mrija ndiyo alama yako. Usiamini kidole kwenye tundu la plagi peke yake, kwa sababu kidude kilekile kinatoa pumzi nje na kidole hakisikii vizuri.

Kisha shika nati kubwa ya chini kwa spana, legeza ile ndogo ya juu, rekebisha hadi fila geji ipite kwa kukwaruza kidogo. Ukikaza nati ndogo, nafasi inabadilika, karibu kila mara. Pima tena. Zungusha injini mizunguko miwili kamili, rudi palepale, pima kwa mara ya tatu. Namba isiporudi ileile, ulisimama mahali tofauti.

Nafasi ikiwa ndogo mno kosa halipigi kelele, na ndiyo maana ni baya zaidi. Valvu ya eksozi ikipata moto inarefuka, haifungi sawasawa, inaungua ukingo. Injini inayokimbia vizuri dakika kumi kisha inachoka, na ikizimwa ikiwa ya moto inagoma kuwaka, ianze kupimwa hapa.

Kama umetoa hedi kusaga valvu, kumbuka valvu ya eksozi ina kikofia kidogo kichwani. Kinadondoka kimya. Hedi inafungwa kwa msalaba, hatua tatu, hadi 24 Nm. Torki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza, azima kama huna.

Hatua ya 3: Moto

Plagi BPR6ES, nafasi milimita 0.7 hadi 0.8. Koili ya cheche na flaiwili viachane milimita 0.4.

Hatua ya 4: Kabureta

Tabora iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, uso wa Ziwa Tanganyika pale Kigoma ni mita 770 hivi. Injini ya aina hii hupoteza karibu asilimia 3.5 ya nguvu kwa kila mita 300, kwa hiyo gokati iliyotoka Kigoma ikija Tabora inapungukiwa kama asilimia 5. Hiyo ni hewa, hakuna bisibisi itakayoirudisha. Honda wanataka jeti (kitundu kinachopitisha petroli kwenye kabureta) ndogo ukizidi mita 1,500, na sisi hatufiki. Ukiona moshi mweusi Tabora, usilaumu mwinuko, angalia choki kama inafunguka yote na ea klina (chujio la hewa) kama imeziba.

Ukifungua eksozi ipumue zaidi, mchanganyiko wa hewa na petroli unakuwa mwembamba na jeti kuu inahitaji kukua hatua moja. Kipimo: kimbiza gokati mafuta yote kwenye mstari mrefu, zima swichi hapohapo bila kuiacha ishuke silensa (mwendo wa chini bila kukanyaga mafuta), toa plagi. Rangi ya kahawia hafifu ni sawa. Nyeupe ni hatari, weka jeti kubwa zaidi leo hiyohiyo. Jeti zibua kwa hewa, kamwe siyo kwa sindano.

Silensa iwe mizunguko 1,400 kwa dakika.

Hatua ya 5: Vumbi

Udongo wetu wa kichanga unaopendwa na tumbaku unakula ringi za pistoni kiangazi kimoja. Sponji ya ea klina ioshe kwa maji ya sabuni, ikauke, ichovye kwenye oili safi ya injini, ikamue. Ya karatasi usiipake oili. Na lile bati linalofunika flaiwili na silinda lisiondolewe kwa urembo, ndilo linaloelekeza upepo wa kupooza.

Hatua ya 6: Gavana

Gavana ndiyo inayozuia injini isizidi kasi. Iache. Injini hii ni ya mizunguko 3,600 kwa dakika, na bila mzigo gavana huizuia kwenye 3,850 hivi. Ukiing'oa, rodi ya aluminiamu inakatika na kutoboa kasha, na flaiwili ya chuma cha kumimina inaweza kupasuka vipande karibu na kiuno cha dereva. Anayetaka mizunguko zaidi anunue kwanza flaiwili na rodi za mashindano pamoja na springi ngumu za valvu. Kama pesa haipo, badili sproketi ya nyuma: yenye meno machache kwa mstari mrefu, yenye mengi kwa kona nyingi.

Baada ya mbio za kwanza, acha injini ipoe hadi kesho yake, kisha rudia hatua ya 2.