Jinsi ya kuipima thamani ya baiskeli ya zamani ya safari ndefu kabla hujatoa hela

Hizi baiskeli za safari ndefu za miaka ya 70 na 80 zinazokuja na makontena ya mtumba, Raleigh, Dawes, Miyata, Peugeot, mimi nazishika sana na swali ninaloulizwa ni moja tu, "fundi, hii inafaa bei gani?" Jibu langu siku zote naanzia kwenye fremu, maana tairi, cheni na siti vinanunulika, fremu ikiwa mbovu umenunua chuma chakavu.

Hatua ya 1: hakikisha kweli ni ya safari. Usukani uliopinda kama pembe za kondoo usikudanganye, za mashindano nazo zinao. Chukua futi kamba upime toka katikati ya ekseli ya pedeli (ile inayopita ndani ya fremu, si ya pedeli yenyewe) mpaka katikati ya ekseli ya tairi la nyuma, ikianzia sentimita 43 kwenda juu ni dalili nzuri, kisigino hakitagonga mizigo. Tafuta pia matundu ya kufungia keria na madigadi, afu hesabu spoku za nyuma, 36 au 40 ndo zinabeba mzigo.

Hatua ya 2 ndo yenyewe, hapa usiwe na haraka hata muuzaji akianza kununa. Geuza baiskeli juu chini, pitisha kidole taratibu chini ya mabomba mawili pale yanapokutana na shingo ya usukani, ukisikia kamkunjo kadogo kama ngozi iliyojikunja, au rangi imepasuka kwa mstari wa kuzunguka bomba, hiyo ilishagonga kitu uso kwa uso. Kisha chukua uzi, funga kwenye mguu wa nyuma inapokaa ekseli, upeleke mbele uzungushe shingo ya usukani urudi upande wa pili, vuta ukaze, pima nafasi kati ya uzi na lile bomba la fremu linalosimama chini ya siti, kushoto na kulia. Zikipishana milimita nyingi fremu imepinda. Rangi mpya mimi huwa naiogopa kuliko kutu, niliwahi kununua moja ya buluu inang'aa, kuikwangua nikakuta chini yake pamechomelewa.

Stika ya Reynolds 531 inapandisha bei na ni haki yake, chuma hicho kipo toka 1935 na ni chepesi, ila stika inabandikwa na yeyote. Chomoa bomba la siti, lile linaloingia ndani ya fremu, usome namba iliyogongwa chini, milimita 27.2 mara nyingi maana yake bomba la fremu lina ukuta mwembamba, chuma cha daraja la juu.

Na hapo hapo kwenye kuchomoa, likigoma usinunue kwa bei ya kawaida! Bomba la aluminiamu likikaa miaka ndani ya chuma bila grisi linashikana kabisa, kuna moja nilihangaika nalo siku mbili na mwisho nikalikata kwa msumeno vipande vipande ndani ya fremu. Jaribu pia kile chuma cha usukani kinachoingia ndani ya shingo.

Hatua ya 3: saizi ya rimu. Soma ubavuni mwa tairi, 622 ni 700C na tairi zake zipo, 630 ni ile inchi 27 ya zamani na tairi yake nzuri utaitafuta sana, tofauti ni milimita 8 tu lakini haziingiliani. Rimu za chuma zilizopakwa kromu kwenye mvua breki hazishiki, toa hela ya rimu mpya kwenye bei.

Cheni pima pini kwa pini, pingili 24 zinatakiwa kuwa inchi 12 kamili, zikifika 12 na moja ya nane imekwisha, na friwili yake (yale meno ya nyuma) mara nyingi inaondoka nayo. Peugeot za miaka ya 70 zina nati za kifaransa pale kwenye ekseli ya pedeli, milimita 35 kwa 1, vipuri vya kawaida haviingii, kwa hiyo zungusha pedeli usikilize, kama gololi zinakwaruza mwachie mwenyewe.

Sasa andika kila kinachotakiwa kubadilishwa na bei yake ya dukani na ufundi, toa kwenye bei ya ile baiskeli ikiwa nzima, kinachobaki ndo ofa yako, mwoneshe muuzaji hiyo karatasi. Na namba ya fremu ikiwa imekwanguliwa, ndugu yangu, ondoka hata kama anakupa kwa bei ya bure.