Kupanga siku za mshauri mwelekezi katika Microsoft Project

Mshauri mwelekezi anapokuwa na mkataba wa siku 3 kwa wiki, tuseme Jumatatu hadi Jumatano, ni rahisi kumwekea asilimia 60 ya muda wa kazi na kuendelea na mambo mengine. Programu hii ya kupanga miradi haina namna ya kujua kwamba Alhamisi hayupo, hivyo kazi ya saa 24 itaigawa katika siku 5, saa 4 na dakika 48 kila siku, na fomu yake ya saa za kazi, yenye saa 8 kwa siku 3 tu, haitalingana na mpango. Afadhali kalenda yake binafsi ionyeshe Alhamisi na Ijumaa kuwa si siku za kazi, kisha aachiwe asilimia 100. Likizo zake ziingie humo humo. Sikukuu za taifa ziwekwe kwenye kalenda ya msingi, ile ambayo kalenda binafsi huifuata, maana Idi hutegemea mwandamo wa mwezi na marekebisho yatawafikia wote kwa mara moja. Anapowasilisha saa alizofanya, aulizwe pia zilizobaki kwa makadirio yake mwenyewe, kwa kuwa programu hutoa tu saa zilizotumika kutoka kwenye makadirio ya awali.