Somo: Kupiga kambi Mlima Elgon kutoka Kisumu, ukipitia misheni za zamani

Hamjambo nyote. Niliahidi kuwaandikia jinsi tunavyopanga safari ya siku tatu hadi mapango ya Elgon. Kabla ya yote, shikeni neno moja: kote tunakopita kuna wenyewe. Misheni zina waumini, mapango yana popo na ndovu. Hodi hubishwa mlangoni, haibishwi ukiwa umeshaketi sebuleni.

Hatua ya 1: Jiandae ukiwa nyumbani. Ada ya mbuga hulipwa kupitia eCitizen, tovuti ya malipo ya serikali ya Kenya, kwa hivyo maliza malipo kabla hujaingia mahali penye mtandao hafifu. Elgon usiku si Kisumu. Beba blanketi zito, jaketi, soksi za sufu, na turubai la kutandika chini ya hema. Kila mtu awe na tochi yake ya kichwa, betri za akiba, barakoa, glavu, suruali ndefu na viatu vilivyofunika mguu. Jikoni, mtungi mdogo wa gesi, sufuria mbili, unga, na omena iliyokwisha kukaangwa vinatosha.

Hatua ya 2: Kaimosi. Shika barabara ya Kakamega, ukifika Chavakali kata kulia. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, na mwaka uliofuata Wamarekani watatu wa Kanisa la Marafiki (Quaker), yaani Willis Hotchkiss, Arthur Chilson na Edgar Hole, walianzisha misheni hapa. Waliiita misheni ya viwanda, maana walitaka watu wajifunze kazi za mikono pamoja na Injili. Leo Kenya ina Marafiki wengi kuliko nchi yoyote duniani, na chimbuko lao ni kijiji hiki. Anzia kwa ofisi ya kanisa, jitambulishe, kisha omba mzee akutembeze. Mzee wa pale atakuonyesha mengi kwa nusu saa ambayo peke yako usingeyaona mchana kutwa.

Hatua ya 3: Mukumu. Rudi Chavakali, endelea hadi karibu na Khayega. Ni misheni ya Kikatoliki iliyoanzishwa na mapadre wa Mill Hill, shirika la wamisionari kutoka Uingereza. Ingia kanisani kimya, toka, songa mbele. Kitale bado ni mbali.

Hatua ya 4: Kambi. Pitia Kakamega, Webuye, Kitale, Endebess hadi lango la Chorlim. Fika kabla ya saa kumi na moja jioni ili upige hema ukiona ardhi. Chagua palipoinuka kidogo. Chakula kisilale nje, na usiku usitoke mbali na hema, kwani nyati hupita.

Hatua ya 5: Mapango. Nenda na askari wa KWS (shirika la wanyamapori la Kenya), mchana. Makingeny ina maporomoko yanayoanguka mbele ya mdomo wa pango, unayasikia kabla hujayaona. Kitum inaingia ndani ya mlima kiasi cha mita 200. Ukifika ukutani, elekeza tochi kwa ubavu, usiielekeze moja kwa moja. Hapo mikwaruzo itajitokeza, mirefu, imepishana, mingine juu ya kichwa chako. Ni alama za pembe. Ndovu huingia usiku, hupapasa njia kwa mkonga gizani, huvunja mwamba na kuutafuna kwa ajili ya chumvi. Mimi husimama hapo muda mrefu kuliko mahali pengine popote.

Sasa nisikilizeni vizuri. Mwaka 1980 Mfaransa aliyekuwa akiishi magharibi mwa Kenya alizuru Kitum, akaugua homa ya Marburg, akafia Nairobi. Daktari aliyemhudumia aliambukizwa, lakini akapona. Mwaka 1987 mvulana kutoka Denmark alizuru pango hilo hilo, naye akafa. Popo walao matunda ndio wabebaji wa kirusi cha homa hiyo. Kwa hivyo usishike ukuta wala kinyesi, usile wala kunywa ndani, usikae chini. Ukitoka, nawa kwa sabuni. Ukipata homa ndani ya siku 21, nenda hospitali na umwambie daktari kwamba uliingia pangoni.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mwalimu, wanangu wana miaka 7 na 10. Niende nao?*
Kambini na misheni, ndiyo, dada. Ndani ya pango, hapana. Mtoto hawezi kuzuia mikono yake.

*Ni kweli ndovu ndio waliochimba mapango yote?*
Wameyapanua kwa vizazi na vizazi. Mskoti Joseph Thomson alipofika mwaka 1883 alikuta watu wakiishi mapangoni na mifugo yao, akadhani yalichimbwa na binadamu wa kale. Hakujua habari za ndovu.

*Tukifika Kaimosi Jumapili, tutaruhusiwa ibadani?*
Mtakaribishwa, kaka. Vaeni kwa heshima, na simu zizimwe. Msipige picha watu wakiwa katika maombi.

*Mwezi gani unafaa?*
Desemba hadi Machi mapema. Mimi niliwahi kwenda Aprili, nikapiga hema bondeni kwa sababu nyasi zilikuwa laini. Saa nane usiku godoro lilikuwa linaelea, tukamaliza usiku ndani ya gari, watu watano na sufuria mbili.